Mtani Alivaa Koti la Baba

Siku ya kuanua tanga la baba, watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mimi ndiye niliyekiharibu kile kicheko. Shangazi hajanisamehe mpaka leo. Anasema niliuaibisha ukoo mbele ya watani, kwamba msomi mzima sijui kuwa mtani hakasirikiwi. Najua. Nimezaliwa Nambambo na nimekulia humo. Nimeona mtani akiingia kaburini na kulala chali, akidai kuku ndipo maiti ishushwe, na hakuna mfiwa aliyenuna. Sheria hiyo niliijua kabla sijajua kusoma. Nilikasirika hivyo hivyo, na ninapoandika haya bado nimekasirika, ila sasa najua vizuri zaidi nimemkasirikia nani.

Inabidi nianze na kufuli.

Mimi nikifunga mlango siondoki. Nafunga, navuta kufuli chini, nalikandamiza kwa kiganja, natamka bismillahi kimoyomoyo, nakwenda zangu. Sijafika mbali kichwa kinaniuliza: una hakika? Narudi. Navuta, nakandamiza, natamka. Nakwenda. Kinauliza tena. Watu wanadhani sioni. Naona. Macho yanaona chuma kimeingia ndani ya chuma, mkono unasikia ubaridi wake, lakini taarifa haifiki. Ni kama kumpigia mtu simu, inaita, anapokea, halafu hasemi neno. Unakata, unapiga tena. Jiko la mkaa nalo ni hivyo hivyo: nalimwagia maji mpaka majivu yanakuwa uji, na bado narudi kulichokonoa kwa kijiti nikitafuta kaa lililo hai. Udhu ndio usiseme. Naosha mikono, nafika kichwani, nasita. Ule mkono wa kulia maji yalifika kwenye kiwiko? Naanza upya. Na kwetu maji yanabebwa kichwani kutoka bombani, na mara nyingi aliyeyabeba ni mama.

"Unatawadha au unaoga?" baba aliniuliza kila mara akiwa barazani. "Maji ya mama yako hayo. Acha upuuzi."

Acha. Kama kuna neno ninalolichukia katika lugha hii ni hilo. Kila mtu ananipa bure, kama vile nimeshika kitu kwa mikono miwili na kinachotakiwa ni kulegeza vidole. Kaka yangu, ambaye ana duka la vipuri vya pikipiki Nachingwea mjini na anaamini hakuna kitu duniani kisichofunguka kwa spana, husema, "Si unaacha tu, dada. Unazingua." Siku moja nilimuuliza kama yeye akipata malaria huwa anaacha tu. Akacheka. Akasema malaria ni ugonjwa.

Nilikuwa chuo nilipojua kuwa hata hili ni ugonjwa. Nilisoma kwenye simu, nimelala kitandani bwenini, baada ya kurudi mlangoni mpaka mwenzangu wa chumba akanipokonya ufunguo na kuufungia kwenye sanduku lake. Niliposoma nilijiona kama mtu anayesoma habari zake zilizoandikwa na jirani mchongezi. Kulikuwa na kurudiarudia, kugusa, kuhesabu, kusema maneno kimoyomoyo. Na kulikuwa na matibabu: dawa, na mazungumzo na mtaalamu anayekufundisha kuondoka mlangoni ukiwa na hofu yako, mpaka hofu ichoke yenyewe. Nilikaa na furaha ya kujua hivyo mpaka likizo. Nilirudi nyumbani na hotuba kichwani. Nilimwambia baba kuwa nataka kwenda hospitali kuonana na daktari wa akili.

Hakupandisha sauti. Baba hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Hospitali ya vichaa," alisema.

"Si ya vichaa, baba. Ni daktari tu."

"Atakayekuona pale mlangoni atasema unafanya nini? Atasema binti wa fulani anaumwa jino? Nikikufa nikuache na jina hilo, nani atakuoa?"

Baada ya siku chache akaniambia nijiandae, tunakwenda Chunyu. Kuna mwalimu huko, alisema, anasoma na anaandika kombe, na watu wengi wamepona.

Safari ile naikumbuka vizuri kuliko mahafali yangu. Tulipanda pikipiki ya kaka, baba akiendesha, mimi nyuma na jogoo wa mwalimu akiwa amefungwa miguu na kuning'inia kwenye usukani. Hatujafika hata barabara kubwa baba akapunguza mwendo, akasimama, akageuza.

"Nini, baba?"

"Nimesahau miwani."

Miwani ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Nilikuwa nimeiona wakati anapanda, na nilipoinama kidogo begani kwake niliiona tena. Nilidhani amezeeka. Tukarudi, akanishusha na jogoo kwenye mwembe wa jirani, akaenda peke yake mpaka nyumbani, akarudi. Mama siku hiyo alikuwa msibani kijiji cha pili, nyumba haikuwa na mtu. Tukaondoka tena.

Mwalimu wa Chunyu alinisomea, akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaisuuza kwa maji, akanipa ninywe. Alisema kuna kiumbe kimekaa kizingitini na kinanikataza kuvuka. Baba aliitikia kwa kichwa pole pole, kama mtu anayesikia habari aliyokwisha kuisikia. Alimuuliza mwalimu maswali mengi kuliko mimi niliyekuwa mgonjwa. Kiumbe hicho kinatoka baada ya muda gani? Kikitoka kinarudi? Je, mtu akiwa nacho tangu utotoni? Nilidhani ananiulizia mimi.

Kombe nililinywa lote, na nyumbani nikaendelea na la kwenye chupa. Kwa wiki kadhaa baba alikuwa ananiangalia. Nikifunga mlango, yuko barazani ananiangalia. Nikirudi kuvuta kufuli, anageuza uso. Nilihisi kama mtoto aliyefeli mtihani uliolipiwa jogoo. Chupa ilipokwisha hakuzungumza tena habari za Chunyu. Alirudia neno lake lile lile, acha upuuzi, ila sasa alilisema kwa ukali zaidi.

Nilipomaliza chuo nilikaa nyumbani muda mrefu, na wenye digrii wenzangu wanajua kukaa nyumbani kunavyokuwa. Kisha nikapata kazi ya msimu Nkowe, ukarani wa ghala kwenye chama kimoja cha wakulima wa korosho. Magunia yanaletwa kwa baiskeli na pikipiki, yanapimwa, yanapangwa, lori linakuja linachukua. Kazi yenyewe naiweza. Mizani inanipenda, kwa sababu mimi siwezi kuandika uzito ambao sijauangalia vizuri, na wakulima walipenda hilo. Walisema karani huyu haibi. Shida ilikuwa jioni. Ufunguo wa ghala ulikuwa wangu.

Wapakiaji walinipa jina siku ya tatu tu. Dada Kufuli. "Dada Kufuli, twende, njaa inauma." "Dada Kufuli, limelala hilo, usiliamshe." Nilicheka nao, maana usipocheka wanaongeza. Siku moja lori lililokuwa linanisubiri linipeleke Ruangwa mjini, nilikopanga chumba, lilipiga honi mpaka watoto wa shule wakaja kuangalia. Mimi niko mlangoni, navuta, nakandamiza, natamka. Nilikuwa nimefika kwenye lori nikarudi, nikafika nikarudi. Dereva akaondoka. Mwenyekiti wa chama akaniita kesho yake. Ni mtu mzima, hana maneno mengi.

"Karani, unafanya kazi nzuri," alisema. "Lakini malori si yangu na si yako. Likikuacha tena lori kwa mambo ya kufuli, ufunguo nitampa mwingine. Umenielewa?"

Nilimuelewa. Kazi ile ndiyo ilikuwa chumba changu, chakula changu, na sababu ya kutorudi Nambambo kukaa barazani na digrii yangu. Yote hayo yalikuwa yananing'inia kwenye kufuli. Nilijaribu kila kitu. Nilipiga picha ya kufuli kwa simu, niiangalie njiani; nikaanza kutilia shaka kama picha ni ya leo au ya jana. Nilijiuma ulimi. Nilikimbia. Mwili ulikimbia, kichwa kikabaki mlangoni.

Ndipo baba akafa. Alianguka shambani anaokota korosho, presha, na alipofikishwa hospitali alikuwa amekwisha. Nilifika nyumbani wakati wanaume wanatoka kumzika.

Sasa niseme habari za mtani. Shamba letu limepakana na la mzee mmoja Mmakua, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji wakati wa vita. Yeye na baba walitukanana miaka yote. Asubuhi kabla ya salamu, tusi. Baba alimwambia wazazi wake walivuka mto kwa kukimbia deni la mbuzi. Yeye alimwambia baba kuwa korosho zake zinaogopa kuanguka kwa kuwa ataziangalia mara mbili mbili kama zimeanguka kweli. Nilisikia tusi hilo tangu utotoni na sikuwahi kujiuliza linatoka wapi. Na walikuwa na ahadi. "Ukifa nitavaa koti lako," mzee yule alisema. "Hutanifikia," baba alijibu. "Wewe utatangulia, na huna hata koti."

Siku ya tatu, baada ya khitma, watu wamekula ubwabwa na wanaume wamejiegemeza chini ya turubai, mlango wa mbele ukafunguka. Mtani akatoka amevaa koti la baba, lile la kahawia lenye kiraka kwenye kiwiko. Kichwani kofia ya baba. Mkononi kufuli letu.

Watu walianza kucheka kabla hajafanya lolote.

Akauvuta mlango. Akatia kufuli, akageuza ufunguo, akalivuta chini, akalikandamiza kwa kiganja. Midomo ikatikisika, bismillahi. Akashuka kwenye baraza, akaenda mpaka pale baba alipokuwa akiegesha baiskeli, akainua mguu kama anayepanda. Akasita. Akakohoa kikohozi kidogo, cha mtu anayetaka ionekane kuwa hana jambo. Akajipapasa kifuani. Akageuka.

Na hapo watu wote, wanaume chini ya turubai, wanawake kwenye mikeka, wapishi waliokuwa wanakwangua masufuria, wakapiga kelele kwa pamoja:

"Miwani! Umesahau miwani!"

Mtani akaitoa miwani mfukoni, akaonyesha watu, akairudisha, akarudi mlangoni. Akavuta, akakandamiza, akatamka.

"Na dirisha!" mtu mmoja alisema.

"Dirisha hujaliangalia, mwizi huyo!"

"Rudi, mwanaume, rudi!"

Akarudi dirishani, akasukuma ubao kwa vidole viwili. Hivyo hivyo, vidole viwili. Wanawake waliokuwa karibu yangu walikuwa wanafuta machozi kwa khanga, na hayakuwa ya msiba. Shangazi alikuwa anajipiga mapajani. Hata kaka, aliyekuwa amekaa kimya tangu kuzika, alikuwa anacheka huku ameinamisha kichwa.

Mimi nilikuwa nimekauka. Maana pale uani sikumuona baba. Nilijiona mimi. Mkono ule, kiganja kile, neno lile, hata kikohozi. Nilidhani kikohozi ni changu. Nilikibuni chuoni ili watu wadhani nimerudi kuchukua kitu. Kumbe nilikitoa hapa. Na pikipiki ikarudi kichwani mwangu, jogoo ananing'inia, miwani iko mfukoni. Baba alikuwa ananipeleka nikatolewe kiumbe kinachonirudisha mlangoni, na njiani akarudi kuangalia mlango.

Mtani akaniona. Mtani mzuri haachi mtu.

"Mrithi huyu hapa," akasema, akalifungua kufuli, akaja kwangu amelinyoosha. "Mchumba wangu, mwenye cheti. Njoo upokee urithi wako. Wenzako wanarithishwa mikorosho, wewe baba yako kakuachia hiki. Livute basi, tukuone ulivyosoma."

Watu wakapasuka tena. Ilikuwa zamu yangu kumtukana, nimwambie kuhusu deni la mbuzi, mchezo uendelee. Nilisimama. Nililichukua kufuli mkononi mwake.

"Mlijua," nilisema.

"Kujua nini, mchumba?"

"Wote mlijua. Mnaimba mpaka miwani. Mlijua kwamba baba alikuwa hivi."

"Nani asiyejua?" mtani alisema, bado anatabasamu, lakini alikuwa ameanza kuniangalia vizuri. "Tulikuwa tunamsubiri shambani mpaka umande unakauka. Wewe tu ndiye aliyekuficha."

"Na aliponibeba kwenda Chunyu kunywa kombe? Mlipokuwa mnanicheka bombani kwamba mtoto wa fulani ana mashetani ya udhu? Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kuniambia, binti, huna shetani, una baba?"

Mpishi mmoja aliendelea kukwangua sufuria, akaguswa na mwenzake, akaacha.

"Wewe," shangazi alisema, "mtani hakasirikiwi. Kaa chini."

"Simkasirikii mtani."

"Unamkasirikia nani, maiti?"

Sikumjibu, kwa kuwa jibu lilikuwa ndiyo, na pale uani, siku ya tatu, nisingeweza kulisema. Mtani alivua kofia ya baba, akaishika kwa mikono miwili. Ndicho kitu ambacho shangazi anasema hatakisahau: mtani kuvua kofia katikati ya utani, kama kwamba kweli kuna aliyekufa.

Nilikwenda ndani kwa mama. Alikuwa ameanza eda, amekaa kwenye mkeka chumbani, mgongo ukutani. Kelele zote alikuwa amezisikia, na kimya pia.

"Mama, na wewe ulijua."

"Baba yako alikuwa mtu mwangalifu."

"Na mimi?"

Akanyoosha ncha ya mkeka.

"Yeye akirudi mlangoni ni mwangalifu, mimi nikirudi nina kiumbe kizingitini. Tofauti ni nini, mama? Koti?"

"Punguza sauti, watu wako nje."

"Watu wako nje wanaimba ugonjwa wake kama wimbo wa unyago. Nipunguze sauti ya nini?"

Mama aliivuta khanga, akaikunja magotini, akaikunjua. Nilidhani ataniambia niache. Badala yake akasema, bila kuniangalia, "Mimi ndiye niliyekuwa namwambia, nimefunga. Kila jioni. Nimefunga, baba watoto. Nimeona kwa macho yangu. Akilala ananiuliza tena, namwambia tena. Maisha yangu yote ya ndoa. Usidhani wewe peke yako umechoka."

"Sasa kwa nini hakuniambia?"

"Mwanaume mzima akuambie nini?" Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile, na kila nikilishika linanichoma upande mwingine. "Mliporudi Chunyu aliniambia, tumuangalie mtoto. Yakimtoka mtoto, na mimi nitakwenda."

Nilimwomba arudie. Alirudia.

Sikulia. Ningependa kuandika kwamba nililia, kwamba nilimuonea baba huruma. Huruma ilikuja baadaye, kidogo kidogo, na huwa haikai. Pale chumbani nilichokuwa nacho ni hasira safi. Alinitanguliza. Kama mtu anayempa mwingine maji ya kisima kipya anywe kwanza, aone kama atadhurika. Wiki zile zote alizoniangalia nikifunga mlango, nilidhani ananihukumu, kumbe alikuwa anasubiri zamu yake. Na nilipofeli, alifunga njia zote mbili, yake na yangu. Hospitali hakuikataa kwa sababu ya jina langu. Aliikataa kwa sababu daktari angeniuliza swali moja: nyumbani kwenu kuna mwingine? Na mimi, ambaye siwezi kuandika uzito nisiouona, ningekuja kumuuliza.

Mama alisema, "Alikupenda."

"Najua alinipenda," nilisema. "Ndicho kinachonikasirisha."

Simu yangu ikalia kabla hatujamaliza. Mwenyekiti. Alinipa pole, kisha akasema malori yanakuja kesho, mengi, na msimu hausubiri matanga. Nikiweza, nifike. Nikishindwa, atajua la kufanya. Alisema bila ubaya, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Asubuhi kaka alinipeleka kwa pikipiki ile ile mpaka stendi. Tulipofika akazima injini.

"Dada, sikujua kwamba inauma," alisema. "Mimi nilijua ni tabia ya mzee. Tulikuwa tunacheka tu."

"Nilikuambia inauma. Nilikuambia mara ngapi?"

"Uliniambia. Nilidhani unaongea kisomi."

Sikujua nicheke au nimpige. Nikamwambia arudi kwa mama, na jioni mama akifunga mlango, yeye auangalie mara moja na aondoke, asianze na yeye.

Siku ile Nkowe tulipakia mpaka jua likawa linazama nyuma ya mikorosho. Wapakiaji walinipa pole, wakaacha jina la Dada Kufuli kwa heshima ya msiba, na niliona wazi kwamba heshima ile itaisha kesho. Lori la mwisho lilikuwa limeshawashwa. Dereva alikuwa yule yule. Mwenyekiti amesimama kando ya lori, ameshika mlango uliokuwa wazi, ananiangalia.

Nilifunga. Nilivuta. Nilikandamiza. Nilisema neno langu, nikageuka nikaanza kutembea, na ikaja kama inavyokuja siku zote. Una hakika? Miguu ikasita. Kikohozi kikapanda kooni, na nilikijua kikohozi kile ni cha nani. Nikausikia ule ua mzima ukiniimbia: miwani, umesahau miwani, rudi, mwizi huyo. Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuisikia mwilini, hasira ya kumuona baba katika koti lake anarudi na kurudi, mwanaume aliyelima shamba lile lote akiwa amefungwa kamba mlangoni, na watu wazima wanaojua wimbo wote bila kujua kwamba ni kilio. Nilikimeza kile kikohozi. Hofu haikuondoka. Ilitembea na mimi mpaka kwenye lori, imenishika shingo, lakini nilitembea.

"Leo umeharakisha," mwenyekiti alisema.

"Jumatatu sitakuwepo," nilimwambia. "Nakwenda hospitali."

"Unaumwa?"

"Ndiyo."

"Unaumwa nini?"

Dereva alikuwa anasikiliza. Wapakiaji juu ya magunia walikuwa wanasikiliza. Mahali padogo hapa, mpaka kesho habari ingekuwa Ruangwa mjini, na kesho kutwa Nachingwea, na siku ya nne kwa shangazi. Atakayekuona pale mlangoni atasema unafanya nini?

"Naumwa ugonjwa wa kurudi mlangoni," nilisema. "Nakwenda kwa daktari wa akili. Baba yangu alikuwa nao, hakwenda."

Mwenyekiti alinitazama kwa muda. Mpakiaji mmoja juu alianza kucheka, mwenzake akamkanya. Mwisho mwenyekiti akasema, "Ufunguo siku hiyo uniachie mimi," na akaniachia mlango wa lori nipande.

Sikupona pale, na sijapona. Nilikaa dirishani nikaliangalia ghala kwenye kioo cha pembeni mpaka mikorosho ikaliziba. Nilipofika chumbani kwangu Ruangwa, kabla sijavua viatu, nilimpigia simu mlinzi wa ghala.

"Kufuli lipo?" niliuliza.

"Lipo, dada. Nimekaa mbele yake hapa."

Nilitaka kumwambia alivute. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamwambia asante, nikakata simu, nikaiweka uvunguni mwa kitanda, nikakaa sakafuni nikimtukana baba, kwa matusi yote ambayo mtani alimtukana na mengine ya kwangu.